Sehemu Iliyokatwa

Karani wa Posta aliitikisa bahasha sikioni
kama anayepima kibuyu kama kina kitu.
"Sinema? Si zimejaa kwenye simu?"
Nikalipa ushuru, bei ya gunia la mtama,
nikapanda baiskeli kurudi Chang'ombe,
upepo wa Julai ukinitia mchanga menoni.

Mimi ni msoma mita za maji.
Najua bomba la nani linavuja usiku na nani hajalipa.
Kwangu nina rafu tatu za mninga,
na humo wafu mia mbili na kumi
wanapanda farasi, wanachomana visu, wanabusiana,
kila mmoja ndani ya kasha lake, mgongo nje.
Jumamosi nawafuta kwa kanga kuukuu.
Vumbi la Dodoma huingia hata ndani ya yai.

"Unaziangalia lini zote hizi?" huuliza Mbeleje.
Baba yake ana ng'ombe arobaini
na sijaona akichinja hata mmoja.

Hii ya leo nimeisaka miaka kumi na sita:
mwanamke wa mwavuli wa chuma,
muuza chumvi apandaye mlima kudai deni la damu.
Niliiona Mpwapwa, kibanda umiza cha Lazaro Mbijili,
shilingi ishirini; huna, ukachote maji ya jenereta.
Lazaro alitafsiri lugha asiyoijua hata neno:
"Anasema, wewe mzee, nirudishie mbuzi wangu!"
Tukaamini. Tukawangoja mbuzi mpaka mwisho.

Ila mwisho haukuwapo.
Mwanamke akifika lango la juu,
akifungua mwavuli, pumba nyeupe zikianza kuanguka
(Lazaro: "Anasema, nani anatwanga huko juu?")
chrrr,
kipaimara cha dada yangu Foibe.

Lazaro ndiye alikuwa na kamera, siku ile kanda zikamwishia,
akatumia iliyokuwa karibu.
Dakika kumi na moja. Watoto wanapiga miluzi, wanadai hela zao,
nami nazama kwenye benchi kwa aibu:
keki, shangazi anakimbia kamera,
na mama, ngoma ya muheme kaibana magotini,
anapiga huku anamcheka mtu tusiyemwona.
Chrrr. Majina yanapanda. Imeisha.

Sasa wameipata filamu yenyewe ghalani, nchi za baridi.
Kijitabu kinasema wameisafisha picha moja moja,
picha laki moja na elfu ishirini na tisa.
Mtu kakaa gizani akitoa mikwaruzo
kama achambuaye mchele wa msiba.

Usiku nimeiweka.
Mwavuli, kumbe, ni mwekundu.
Mbuzi hakuna.
Akafika langoni. Akaufungua.
Theluji ikaanguka, safi, bila chenga hata moja,
ikaendelea kuanguka,
ikaendelea,
na rimoti ikaloa jasho mkononi mwangu.
Deni lililipwa, nadhani. Sikufuatilia vizuri.
Nilikuwa nasikiliza ngoma.

Basi nikafungua mfuko wa sukari chini ya kitanda,
nikatoa ile kanda ya Lazaro, ina ukungu pembeni,
na deki isiyo na mfuniko, ambayo lazima uisukume kwa kidole.
Mama amegeuka kijani.
Mistari inampita usoni kama mvua ya upepo,
na kila mwaka unamla kidogo zaidi, sikio, kilemba.
Yeye hana ghala. Hakuna nchi inayomtafuta.
Lakini mkono ulipanda, ukashuka,
na sauti, ingawa imezama kama iliyo kisimani,
ikatoka.

Mbeleje akachungulia toka jikoni, mwiko mkononi.
Hawakuwahi kukutana, hao wawili.
"Nani anapiga ngoma saa hizi?"

Nikamsogezea kigoda.
"Kaa," nikamwambia. "Ni ile sehemu iliyokatwa."